Nani analipwa kinda wa nchi mbili anapong'ara?

Februari 23, 2021, Jamal Musiala aliifungia Bayern Munich bao mjini Roma dhidi ya Lazio katika Ligi ya Mabingwa Ulaya. Kesho yake akatangaza kwamba ataichezea Ujerumani, si England. Zilikuwa zimebaki siku mbili atimize miaka 18. Chama cha soka cha England, kilichomlea tangu timu ya vijana chini ya miaka 15 hadi ile ya chini ya 21, hakikuambulia hata senti.

Soko la wachezaji wenye uraia pacha ndivyo lilivyo. Klabu ina kanuni za FIFA za kuilinda, shirikisho halina. Mchezaji hauzwi na timu ya taifa, kwa hiyo mashirikisho hushindania saini yake kwa ahadi na ushawishi. Joachim Löw, kocha wa Ujerumani wakati huo, alizungumza yeye mwenyewe na Musiala, na mwezi uliofuata akamwingiza uwanjani dhidi ya Iceland mjini Duisburg. Nigeria, nchi ya asili ya baba yake, nayo ilibaki kumtazama kwenye televisheni.

Upande wa klabu pesa ipo, ila haimfikii kila aliyetoa jasho. Musiala alizaliwa Stuttgart mwaka 2003, akaanza kucheza TSV Lehnerz, klabu ndogo ya mjini Fulda. Akiwa na miaka saba familia ilihamia England, na Chelsea ikamlea hadi alipofika 16. Mwaka 2019 Bayern ilimchukua kwa fidia iliyoripotiwa kuwa kama pauni 200,000. Kwa Bayern hiyo ilikuwa biashara ya ajabu: Machi 2021 alisaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa, na Februari 2025 akauongeza hadi 2030.

Chelsea bado ina tumaini moja. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kila msimu wa miaka 12 hadi 15 una asilimia 0.25 ya ada nzima. Kuanzia 16, asilimia 0.5. Tuseme Musiala anauzwa nje ya Ujerumani kwa euro milioni 100: Chelsea ingepata takriban milioni 1.5. Asipouzwa, haipati kitu.

Kombe la Dunia nalo hulipa. Kwa fainali za Qatar 2022, FIFA iligawia klabu dola milioni 209, karibu dola 10,950 kwa kila mchezaji kwa siku. Lakini fungu hilo lilizitazama klabu alizokuwa nazo mchezaji katika miaka miwili kabla ya fainali, kwa hiyo la Musiala lilikwenda Munich.

Lehnerz haimo popote katika hesabu hizi, kwa kuwa aliondoka mapema mno. Naamini hapo ndipo kanuni inapokosea zaidi, maana mtoto hujifunza kuupenda mpira kabla ya miaka 12. Hesabu ingeanzia miaka sita, msimu mmoja tu katika mauzo hayohayo ya euro milioni 100 ungeipa klabu hiyo ndogo euro 250,000.