Homa ya Matumbo na Jinsi ya Kujikinga Nayo

Homa ya matumbo, ambayo wengi huiita taifodi, ni ugonjwa wa hatari, lakini waweza kuzuiwa. Yafaa kila mwenye nyumba ajue unakotoka na jinsi unavyoingia mwilini.

Ugonjwa huu huletwa na bakteria, yaani vijidudu visivyoonekana kwa macho. Makao yake ni mwilini mwa binadamu tu. Hutoka pamoja na choo cha mtu aliye navyo, kisha huingia kinywani mwa mwingine kwa njia ya maji machafu, au chakula kilichoshikwa na mikono isiyonawiwa. Nzi nao huvichukua kutoka chooni mpaka mezani.

Tena mtu aweza kuwa navyo naye asijisikie mgonjwa. Watu wachache waliokwisha kupona huendelea kuwa navyo katika mfuko wa nyongo kwa miaka mingi. Mary Mallon, mpishi wa New York huko Marekani, aligunduliwa mwaka 1907 kwamba alikuwa akiwaambukiza waliokula chakula chake, ingawa mwenyewe alionekana mzima. Aliachiliwa mwaka 1910 kwa ahadi ya kutopika tena. Hakuitimiza, mwaka 1915 watu wa hospitali alimokuwa akipika waliugua, naye akatengwa mpaka alipofariki mwaka 1938.

Dalili huanza wiki 1 mpaka 3 baada ya kuambukizwa. Homa hupanda kidogo kidogo kila siku. Kichwa na tumbo huuma, na hamu ya chakula hupotea. Wengine hufunga choo, wengine huhara. Ugonjwa ukiachwa, utumbo waweza kutoboka, na mgonjwa akafa.

Malaria nayo huleta homa, kwa hiyo si vema kukisia. Mgonjwa apelekwe hospitali mapema, apimwe damu. Dawa za kuponya zipo, lakini lazima azitumie mpaka ziishe, hata kama homa imekwisha kushuka. Anayeziacha katikati, au anayenunua vidonge dukani bila shauri la daktari, huvipa vijidudu nafasi ya kuzizoea dawa. Hivyo ndivyo kloramfenikoli, dawa ya zamani, ilivyoshindwa mahali pengi.

Kinga ni hizi. Choo kifunikwe, nacho kiwe mbali na kisima. Mikono inawiwe kwa sabuni baada ya kutoka chooni, na kabla ya kupika na kula. Maji ya kunywa yatokote kwa dakika 1; penye miinuko ya juu kama Nyahururu, dakika 3. Chakula kiliwe kingali moto, na matunda yaoshwe kwa maji safi.

Chanjo nayo ipo. Mwezi wa Julai 2025, Kenya ilianza kuwachanja watoto wa miezi 9 mpaka miaka 14. Hata hivyo, aliyechanjwa naye hana budi kunawa. Na apikiaye wengine, nyumbani au hotelini, akumbuke kwamba amekabidhiwa maisha yao.