CHAKULA CHA JIONI CHA MTOTO MDOGO

Wahenga walinena kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Tukisikia neno kulea, wengi wetu hudhani ni kazi ya mama peke yake. Lakini hapa Ramisi, sisi wanafunzi wa kutwa ndio tunaofika nyumbani jioni mbele ya wazazi, na wadogo zetu hutungoja sisi. Kwa hivyo nataka kueleza jinsi ya kumpikia mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu chakula cha jioni kinachoiva upesi na kumjenga mwili.

Mie nilianza kulijali jambo hili mwaka jana. Mamangu huuza samaki barabarani na hurudi baada ya magharibi. Sima na mchuzi huiva saa mbili usiku, au hata saa tatu. Mdogo wangu, aliyekuwa na mwaka mmoja na nusu, huwa ashalala zamani. Nikawa nampa chai ya rangi na kipande cha mkate ili anyamaze. Alinyamaza kweli, na mie nikafungua vitabu vyangu. Siku moja mama alirudi kutoka kliniki na kadi yake. Alama za uzito, ambazo zinatakiwa zipande, zilikuwa zimelala sawasawa kwa miezi mitatu. Mama hakunigombeza. Aliiweka tu kadi mezani. Mwenyewe nilijua kuwa chai yangu ilikuwa na sehemu yake.

Je, kwa nini chai na mkate havitoshi? Kwanza, tumbo la mtoto ni dogo. Mtoto wa umri ule hula robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima cha mililita 250 kwa mlo mmoja. Shirika la Afya Duniani hushauri ale mara tatu au nne kwa siku, huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Akikosa mlo wa jioni, hawezi kuufidia kesho yake kwa kula maradufu. Pili, chai huzuia mwili kupata madini ya chuma yanayojenga damu. Tatu, mkate, muhogo na uji mweupe hutia nguvu, lakini havina vya kutosha vya kujenga mwili.

Mambo haya yakizidi huleta utapiamlo. Aina moja ni unyafuzi, yaani kwashakoo, ambapo mtoto huvimba miguu na nywele hupauka. Daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1933 akiwa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Jina lake latoka katika lugha ya Waga wa huko, nalo lahusu mtoto anayeugua baada ya mdogo wake kuzaliwa, yaani aliyeachishwa ziwa.

Sasa tuingie jikoni. Vyakula vitatu hivi havihitaji kitu cha dukani cha bei kubwa.

1. Mseto wa pojo. Loweka pojo asubuhi kabla ya kwenda shule. Jioni zichemshe, na zikianza kulainika tia mchele kiasi sawa. Mwisho tia tui na chumvi kidogo, usonge kwa mwiko hadi ulainike. Huchukua kama dakika arubaini.

2. Boga kwa dagaa. Katakata boga au kiazi kitamu cha manjano vipande vidogo, uchemshe kwa dakika ishirini, uponde. Tia kijiko cha unga wa dagaa na tui kidogo. Unga huo hutengenezwa mara moja kwa wiki: osha dagaa wakavu, waanike, wakaange bila mafuta, uwatwange, uhifadhi mkebeni. Tui si la utamu tu, kwani vitamini A iliyomo katika boga huhitaji mafuta ili mwili uipate.

3. Sima laini, yai na mchicha. Kaanga nyanya na mchicha uliokatwa vidogo sana, vunjia yai, koroga hadi liive kabisa. Baadaye mpe embe au chungwa, maana vitamini C husaidia mwili kupata chuma cha mchicha.

Yako mambo ya kukumbuka. Nawa mikono kwa sabuni, wewe na mtoto. Toa fungu lake kabla ya kutia pilipili. Muhogo uive barabara, kwani ule mchungu una sumu. Samaki mtoe miiba yote. Korosho nzima humkaba mtoto, basi zitwange. Uji uwe mzito, maana uji wa maji hujaza tumbo bure. Na kaa naye anapokula, usimlazimishe.

Wenzangu wa kiume hunicheka ati nimekuwa yaya. Nawajibu kuwa mseto ukiwa motoni mie husoma Historia papo hapo jikoni, na mtoto hulala ameshiba. Kadi ya kliniki imeanza kupanda, ingawa polepole.

Basi ndugu msomaji, leo jioni ukifika nyumbani, kabla hujafungua daftari, muulize mdogo wako amekula nini.