Kipozamataza wa Nyanda za Longido

Ewe mfugaji wa nyanda kavu zilizo kaskazini ya Arusha, kati ya Kilimanjaro na Meru, katika nyasi zako fupi yumo ndege mdogo. Wataalamu walimpa jina la kipozamataza wa Beesley mwaka 1966. Ukimkaribia haruki upesi. Hukimbia kwa miguu, husimama wima akatazama, kisha hukimbia tena. Mdomo wake mrefu, uliopinda kidogo, huchokoa wadudu ardhini. Kiota chake ni kishimo chenye majani makavu kando ya shina la nyasi, nawe waweza kukikanyaga usikione.

Ng'ombe wa kiasi si adui zake, maana ndio wafupishao nyasi, na nyasi ndefu hazimfai. Bali wakizidi, ardhi hubaki tupu na kwato huponda mayai. Plau ni mbaya zaidi: huondoa nyasi zote, na mvua ikikosekana mahindi hayapatikani, upepo ukachukua udongo. Basi malisho yabaki malisho. Na watoto wachungao uwaonye wasiguse mayai. Wao huyaona kabla yetu.