Klabu ya ordinatere: tulipe ao tusilipe?

Siku ya posho, saa nane ya muchana, nyuma ya parokia moja hapa Likasi, utakuta vijana kama makumi mbili wamezunguka mashini sita. Tatu zinawaka. Zingine tatu zimefunguliwa tumbo, na visi zake ziko ndani ya kopo ya tomati. Ni ordinatere za zamani ambazo biro moja ilitaka kutupa. Hakuna anayelipwa pale: fundi mumoja wa redio na mwalimu mumoja wa sekondari wanakuja kwa mapenzi yao tu. Mutoto wangu wa pili ni memba, njo sababu ninajua habari hii.

Mwezi uliopita waliniita ku mukutano. Ulizo lilikuwa moja: kila memba alipe franga 2 000 kwa mwezi, ao klabu ibakie ya bure? Waliniambia: "Papa delege, wewe umezoea mambo ya kotizasyo, utuelezee." Nilienda na jibu tayari mu mufuko.

Jibu lile lilitoka ku sendika. Mwaka mumoja, ku kampuni nilikokuwa ninatumika, mukubwa wa kazi alitulipia sikukuu yote ya 1 Mei: nyama, vinywaji, hata mashati. Tulifurahi sana. Kisha wiki mbili tukaenda kumuuliza juu ya masaa ya nyongeza, na delege wetu akaongea kama mutu anayelomba musamaha. Tangu pale siamini kitu cha bure kama sijajua nani amelipa.

Na klabu hii iko na ugonjwa ule ule, hata kama hakuna mutu mubaya ndani yake. Mafuta ya grupe, fundi anayalipa mwenyewe. Ufunguo wa chumba uko kwake. Yeye njo anachagua nani atashika mashini ya kwanza, na hakuna wa kumuuliza. Utamuuliza nini mutu anayekulipia mafuta? Mwaka jana alipata kazi ya miezi miwili Kolwezi. Aliondoka na ufunguo mu mufuko, bila kuwaza mubaya. Miezi miwili mulango ulibakia umefungwa, na vijana walikuwa wanakaa pa ngazi ya parokia kuongea mambo ya mashini bila mashini.

Mwalimu alileta mufano wa Marekani. Tarehe 5 Machi 1975, watu walikutana ndani ya gareji moja pa Menlo Park, kule California, wakaanzisha Homebrew Computer Club. Gazeti lao dogo lilitoka kwa michango ya hiari. Steve Wozniak alikuwa kati yao, na mwaka 1976 Apple ikazaliwa. Vijana walipiga mikono: munaona, bure inawezekana!

Mimi nikauliza: gareji ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya Gordon French, mumoja wao. Nyuma walihamia mu chumba kikubwa cha Stanford. Na wengi walikuwa watu wa kazi ya elektroniki, wenye mushahara. Kumbe paa na umeme vililipwa, ila hawakuhesabu.

Mwalimu ni mutu wa kweli, akaongeza mufano mwingine ambao haukumusaidia. Mwaka 1977, kijana wa miaka 13, Jonathan Rotenberg, alianzisha Boston Computer Society. Ile ililipisha wamemba, na ilifika kupita watu 30 000. Lakini ilifunga mwaka 1996.

Nilizania nimeshinda. Hapo kijana mumoja, pengine wa miaka 17, akasimama. "Papa, sisi tulishajaribu." Mwaka uliopita walianza kulipisha, na trezorie alikuwa anasoma majina mbele ya wote. Kulikuwa musichana mumoja, mama yake anauzisha makala. Yeye njo wa kwanza kurudisha uzima mu mashini iliyokufa. Siku ile trezorie akasoma: "Wewe, miezi mitatu." Alibeba kitabu chake akatoka. Hakurudi tena. "Ku sendika banakata ku mushahara, Papa delege. Siye mushahara yetu iko wapi?"

Nilinyamaza. Makumi ya miaka karibu mbili ninatetea kotizasyo, na sikupata kuwaza hivyo. Kotizasyo yetu inatoka kwa mutu ambaye ameshalipwa. Ya mutoto wa shule inatoka ku mufuko wa mama, na siku ingine franga ile ni unga wa bukari.

Tulibishana mpaka jua likaingia. Walikata hivi: franga 1 000 kwa mwezi. Asiyekuwa nayo atafagia, atabeba betri ao atafundisha wapya, na itaandikwa kama amelipa. Hakuna jina litakalosomwa tena. Kese iko kwa watu watatu, na kila mwezi wanaihesabu mbele ya wote. Mulango uko wazi hata kwa asiyelipa wala kutumika. Mimi nilitaka huyu wa mwisho asipige kura juu ya feza, walikataa. Ninawaza bado kama walikosea: siku moja mutu ataleta rafiki makumi tatu kwa kuchaguliwa, na watanikumbuka.

Fundi hakukasirika. Alisema tu: "Basi mwezi huu mafuta si yangu tena?" Watu wakacheka, naye pia, lakini niliona amepumua.

Franga za kwanza hazikununua mafuta. Zilitengenezesha funguo mbili zaidi na kuuza kaye moja ya hesabu. Musichana yule hajarudi. Mutoto wangu alitumwa kumupasha habari, akamukuta sokoni pa makala. Alisema ataona.