Ardhi Kama Mizani ya Maji

Maji ni mzigo. Yapunguapo, mwamba uliokuwa umeyabeba huinuka, japo jicho halitambui. Vipokezi vya ishara za setilaiti vilivyokitwa ardhini magharibi mwa Marekani viliudhihirisha mwinuko huo. Mwaka wa 2014, watafiti Borsa, Agnew na Cayan walionyesha kwamba ukame ulikuwa umeiinua milima ya California kwa hadi milimita 15. Wakakadiria upungufu wa maji wa tani bilioni 240 katika eneo zima la magharibi. Ajabu ni kuwa katika Bonde la Kati la jimbo hilohilo, ambako wakulima huvuta maji ya chini kwa pampu, ardhi hudidimia. Huko matabaka ya udongo wa mfinyanzi hujibana yanaponyonywa, na mengi hayaurudii unene wake hata mvua inyeshe.