Laki na Nusu ya Kuhama Makongeni

Shangazi yangu aliingia Makongeni, Nairobi, akiwa bi harusi, mumewe akiwa fundi wa reli, na wanawe wote wamezaliwa pale. Mwaka 2025, serikali ilipoamua kuvunja estate hiyo ijenge nyumba za bei nafuu, kila kaya iliyoorodheshwa ilitengewa shilingi 150,000 za kuhama. Mimi huwatunzia watu hesabu za biashara pale Maringo, ng'ambo ya Jogoo Road, kwa hivyo niliitwa nije na daftari langu.

Tulipata nyumba ya sebule na chumba kimoja Umoja. Kodi elfu 12, dipoziti elfu 12, dipoziti ya maji na stima elfu 3, kenta ya kubeba vyombo elfu 5. Kabla hajalala hata usiku mmoja, elfu 32 zimekwenda. Zilizobaki zingelipa kodi ya miezi isiyofika kumi.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Alhamisi tuliporudi kulipa, mwenye nyumba alitaka elfu 14. "Mama, watu wa Makongeni wote wanatafuta," akasema. Nikapiga hesabu upya: kodi juu, dipoziti juu, miezi iliyobaki minane. Laki na nusu ilikuwa ile ile. Siku tatu tu zilikuwa zimeila.

Shirika la Takwimu, KNBS, hutoa kila mwezi kipimo cha mfumuko wa bei, na kodi ya nyumba imo ndani yake; pesa za kuhama zingepaswa kukifuata. Oktoba 2022 mfumuko ulifika asilimia 9.6. Tuchukue hata asilimia 5 tu kwa mwaka: kinachonunuliwa leo kwa 150,000 kitahitaji takriban 173,600 baada ya miaka mitatu. Nani anatoa hizo elfu 23 na ushee? Leo ni shangazi yangu, kutoka kwa biashara yake ya mboga.

Tena kipimo cha nchi nzima hakitoshi. Maelfu ya watu wakihama kwa msimu mmoja, bei inapanda kwanza Umoja, Kayole na Dandora, na mwenye kuipandisha bila kutaka ni mradi wenyewe. Ndiyo maana naamini kodi ya mitaa ya jirani ipimwe pia, kabla ya kuhamisha watu na baada.

Pangani walipatana vizuri zaidi. Kaunti ilipovunja nyumba zake kuukuu, wapangaji 48 walipewa 600,000 kila mmoja, kodi ya miaka miwili, yaani 25,000 kwa mwezi. Hicho ni kiasi cha heshima. Ila kiasi kilichopigiwa hesabu ya miaka miwili kinamlinda mpangaji kwa miaka miwili hiyo tu, na majengo ya Nairobi hayajulikani kwa kumalizika kwa wakati.

Hata nchi tajiri zilichelewa kuliona hili. Marekani ina sheria ya kuwasaidia wanaohamishwa na miradi ya serikali tangu 1970. Mwaka 1987 msaada wa kodi kwa mpangaji uliwekewa kikomo cha dola 5,250, na sheria haikukigusa kwa miaka 25. Sheria ya 2012 ilikipandisha hadi 7,200, na muhimu zaidi, ikaruhusu kirekebishwe kufuata mfumuko bila kungoja bunge. Mwaka 2024 kikawa 9,570. Kifungu kimoja cha namna hiyo kingetutosha hapa.

Katiba yetu, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makazi ya kufaa. Kwenye mipango ya kaunti zimetajwa Maringo, Bahati, Jericho, Lumumba, Ziwani na Bondeni. Maringo ni kwetu. Kikao kikiitwa, nataka majirani zangu waulize kiasi kitapitiwa tarehe gani, kwa takwimu zipi, na ujenzi ukichelewa nani atalipa kodi ya miezi ya ziada. Na majibu yaandikwe kwenye mkataba kabla mtu hajafunga godoro.