Kutoka Kagera Mpaka Kampala: Tulitakiwa Kuishia Wapi?

Likizo iliyopita, nikiwa nyumbani Mnyuzi, niliwakuta wazee kwenye kijiwe cha kahawa wakibishana kuhusu Marekani: iachane na mambo ya watu au iingilie? Mmoja wao, aliyekwenda vitani akiwa mgambo, akawakatisha: "Sisi wenyewe tuliingia Kampala. Mbona hamsemi?"

Basi tukumbushane. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, kisha akatangaza kuwa eneo la kaskazini mwa mto ni lake. Kuwatimua kulikuwa kujilinda, hapo hakuna ubishi. Ubishi unaanzia mpakani. Mkataba wa OAU wa 1963 ulikataza nchi kuingilia mambo ya ndani ya nyingine, lakini JWTZ na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni walisonga mbele, Kampala ikaanguka 11 Aprili 1979. Julai, kwenye mkutano wa OAU kule Monrovia, Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria wakailaumu Tanzania.

Mwalimu alisema vita vilikuwa viwili: vya Tanzania kumwadhibu mvamizi, na vya Waganda kumng'oa Amin. Kwangu hoja hiyo inapinda kidogo, maana bila JWTZ hivyo vya pili visingefika mbali. Lakini sioni kama kumwacha Amin ajipange upya kungekuwa amani.

Bili tulilipa wenyewe. Wananchi waliambiwa wafunge mikanda miezi 18. Foleni za sukari na sabuni zikapitiliza hapo. Yule mzee anasema angekwenda tena, ila sukari angeweka akiba kwanza.